Mbavu za Balsa

Anayeshika ubao wa balsa kwa mara ya kwanza huuinua juu kupita alivyokusudia. Mkono umejiandaa kubeba mbao, na uzito haupo. Wengine huubonyeza kwa ukucha wapate hakika, na ukucha huacha alama. Ni mbao kweli. Mita moja ya ujazo ya mpingo, ule wanaouchonga Wamakonde, hufika kilo 1,200 na zaidi, na kipande chake ukikitia majini kinazama. Mita kama hiyo ya balsa ya kuundia ndege za mfano huwa na kilo 100 hadi 150 hivi, na ile teule wanayoililia waundaji wa ndege za mashindano hushuka chini ya 80.

Mti wenyewe asili yake ni misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, na hadi leo Ekwado ndiyo inayouza balsa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Kwetu huku si mgeni kabisa, maana ni wa ukoo mmoja na mbuyu na msufi. Maua yake hufunguka giza linapoingia, na popo huyachavusha kama wanavyofanya kwa mbuyu. Tunda likikauka na kupasuka hutoa nyuzi laini zinazofanana na sufi tunayojazia mito. Wanapoachana ni kwenye mwendo. Mbuyu hujijenga kwa karne. Balsa huota, hurefuka na kuwa tayari kwa shoka ndani ya miaka mitano hadi saba. Kwa haraka hiyo mti hutengeneza seli kubwa zenye kuta nyembamba na kuzijaza maji. Mbao zikipasuliwa na kukaushwa tanurini, maji hutoka, kuta hubaki, na ndani yake hewa.

Hewa hiyo ina wateja wengi. Mosquito, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, kiwiliwili chake kilikuwa balsa iliyobanwa katikati ya tabaka mbili nyembamba za plaiwudi. Vita vile viliimeza balsa kiasi kwamba watoto wa Marekani walinunua ndege za mfano za kadibodi. Siku hizi mapanga makubwa ya mitambo ya umeme wa upepo hujazwa balsa ndani, na mahitaji ya viwanda hivyo yalipopanda karibu na mwaka 2020, bei iliruka hata mtu anayeunda ndege moja kwenye chumba cha uani akaionja.

Huyo wa chumba cha uani ndiye ninayetaka kumzungumzia: mtu anayenunua sanduku la vipande vya mbao na kuligeuza kuwa ndege ya kuongozwa kwa redio. Mali yake ni nyepesi kupindukia, lakini adui yake hubaki kuwa uzito. Kila gundi, kila rangi, kila kipande alichokiongeza kwa hofu kwamba ndege itavunjika, injini italazimika kukibeba siku zote za ndege hiyo. Ndege nzito huhitaji kwenda kasi ili ibaki angani, hutua kwa kasi, na ikianguka huanguka vibaya zaidi. Ndiyo maana fundi mzuri wa kazi hii hutambulikana kwa vitu alivyothubutu kuviacha nje.

Chukua Kadet Senior, ndege ya kujifunzia iliyouzwa kwa miaka mingi na kampuni ya Sig ya mji wa Montezuma, jimbo la Iowa. Bawa lake, ncha hadi ncha, linakaribia mita mbili. Ukifungua sanduku huoni ndege hata kidogo. Unaona mafungu ya fito, mabamba ya balsa yaliyokatwa maumbo, vipande vya plaiwudi, waya mnene wa chuma wa kushikilia magurudumu, na ramani ambayo ikikunjuliwa hufunika meza nzima, kwa kuwa imechorwa kwa ukubwa halisi. Injini haimo, redio haimo, hata ngozi ya kuifunika ndege haimo. Kwa mwenye haraka hii ni hasara tupu. Zipo ndege za povu zinazotoka sandukuni asubuhi na kuwa angani kabla ya chakula cha mchana, nami sina ugomvi nazo. Anayetaka kujifunza kurusha na aanze na hizo. Ila ukiipasua ndege ya povu, ndani utakuta povu.

Fundi mwenye subira haanzi na gundi. Huanza kwa kuzichambua mbao zake kama mtu anayechambua mchele. Hupima kila bamba kwenye mizani ya jikoni na kuandika gramu zake pembeni kwa penseli. Mabamba mawili ya urefu mmoja, upana mmoja na unene mmoja, yaliyotoka kwenye fungu moja, linaweza moja kuwa zito mara mbili ya lenzake; mti hukua anavyotaka Mungu, si anavyotaka mwenye kiwanda. Zito atalipeleka mbele na katikati ya ndege. Jepesi atalitunza kwa ajili ya mkia na ncha za mabawa. Fito nazo huzishika ncha moja na kuzipinda kidogo, moja baada ya nyingine, mpaka apate mbili zinazokaza sawasawa, moja ya bawa la kulia na moja ya bawa la kushoto.

Kisha hutazama nyuzi, na hapa ndipo macho ya mzoefu yanapoachana na ya mwanafunzi. Msumeno ukipita sambamba na pete za ukuaji wa gogo, ubao hutoka na mistari mirefu, nao hupinda kirahisi kwa upana wake. Unafaa kuviringishwa juu ya ukingo wa mbele wa bawa. Msumeno ukipita kutoka moyo wa gogo kwenda nje, ubao hutoka na madoa madogo yanayometameta ukiugeuza kwenye mwanga, na huo hukataa kupinda kabisa: ukiulazimisha, unapasuka. Ubao wa namna hiyo ndio wa mbavu, na wa mkia unaotakiwa kubaki bapa juani na kwenye unyevu. Waundaji huziita aina hizi kwa herufi, A ile ya kwanza na C hii ya pili, na B ni mchanganyiko ulio katikati yao. Anayeweka A mahali pa C hapati adhabu siku hiyo. Huipata mwezi ujao, mkia unapojikunja jua likiupiga.

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu hupanga kwanza mbao za ubavuni juu ya mkuku, chombo kikapata umbo, ndipo mataruma yakaingizwa kukikaza kwa ndani. Muundaji wa ndege huenda kinyume chake, mifupa kwanza na ngozi mwisho. Ramani hulazwa juu ya ubao uliothibitishwa kuwa bapa, ikafunikwa kwa karatasi ya nta ili gundi isiishike, na vipande vikapangwa juu ya michoro yake, kila kimoja kikishikiliwa kwa pini. Ufito wa chini wa boriti ya bawa hulala kwanza. Mbavu husimamishwa juu yake mstari mzima, kila moja ikipimwa kwa guni au pembe ya kadi isimame wima. Ufito wa juu hushuka kwenye mianya ya mbavu. Ubao wa kazi ukiwa umepinda nywele moja, bawa litapinda nywele moja, na ndege itaegemea upande huo angani maisha yake yote.

Boriti hiyo inastahili kutazamwa polepole. Ndege ikiwa angani, hewa huyasukuma mabawa juu huku kiwiliwili kikiyavuta chini katikati. Ncha zinataka kupanda. Kwa hiyo upande wa juu wa bawa hubanwa na upande wa chini huvutwa, na ndiyo sababu kuna fito mbili za mbao ngumu kidogo, moja juu na moja chini, mbali kadiri unene wa bawa unavyoruhusu. Mbao ambayo ingejazwa katikati yao isingefanya kazi kubwa, ingekuwa abiria. Lakini ukiacha uwazi mtupu, kila ufito hupinda kivyake, na ule wa juu, kwa kubanwa, hujikunja na kukatika ghafla. Dawa yake ni vipande vyembamba vya balsa, unene wa milimita mbili hivi, vinavyobandikwa kati ya ubavu na ubavu kuuunganisha ufito wa juu na wa chini. Nyuzi zake lazima zisimame wima. Ukivikata vikiwa vimelala kwa sababu ni rahisi zaidi kuvikata hivyo kutoka kwenye bamba, umeongeza uzito na nguvu umeiacha mezani, maana balsa hupasuka kufuata nyuzi zake kwa urahisi wa kutisha.

Kila kipande hupimwa peke yake. Nafasi kati ya mbavu zinatofautiana kwa unene wa karatasi, hata kwa fundi makini. Kikiwa kifupi, pengo litajazwa gundi, na gundi ni nzito kuliko mbao na hushika vibaya inapokuwa nene. Kikiwa kirefu, kitausukuma ubavu upinde. Basi hukatwa kirefu kidogo, kikapitishwa kwenye msasa, kikajaribiwa, kikarudishwa kwenye msasa, mpaka kiingie kwa kusukumwa na kidole kimoja na kubaki kimesimama chenyewe kabla ya tone lolote la gundi. Vipo zaidi ya kumi kwa kila bawa. Vikishafunikwa hakuna mtazamaji atakayejua kama vipo. Kabla ya kuviweka, ukishika bawa kwa ncha zake mbili na kulipinda, linanesa. Baada ya kuviweka halinesi, na mizani inaonyesha ongezeko la gramu chache tu. Sijui ufundi mwingine wa mbao ambapo vipande vidogo namna hii hubadili tabia ya kitu kizima kwa kiasi hiki.

Gundi zenyewe ni tatu na kila moja ina mahali pake. Gundi nyeupe ya mbao hukawia na humpa mtu muda wa kurekebisha. Supaglu nyembamba hupenya kwenye kiungo kilichobana, ikashika kabla hujaondoa mkono, wakati mwingine pamoja na mkono. Epoksi ni ya mahali penye mateso: ukuta wa plaiwudi unaobeba injini, na kiungo cha katikati ambapo bawa la kulia na la kushoto hukutana. Hapo mabawa huunganishwa yakiwa yameinuka kidogo kuelekea nchani, kama herufi V iliyofunguka sana. Ndege ikiinama upande mmoja na kuanza kuteleza kuelekea huko, bawa la chini hukutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi, likapanda, na ndege ikajinyoosha yenyewe. Mwanafunzi akiachia rimoti kwa woga, umbo la mbao humwokoa.

Halafu inakuja kazi ya msasa, ambayo wengi huichukia nami naiona ndiyo kipimo cha mtu. Ukingo wa mbele wa bawa hutoka sandukuni ukiwa ufito wa mraba. Lazima uwe mviringo, na uwe mviringo uleule kutoka katikati mpaka nchani, kushoto na kulia. Randa ndogo huondoa kona, kisha msasa uliogundishwa juu ya kipande kirefu cha mbao iliyonyooka huendelea, maana msasa ulioshikwa kwa vidole hufuata mabonde na kuyachimba zaidi. Anayefanya kazi hii hufumba macho mara kwa mara. Kidole huhisi kivimbe ambacho jicho limekipita. Vumbi la balsa hujaa kwenye nyusi, kwenye chai, na kwenye nguo zilizoanikwa na mtu mwingine wa nyumba hiyo, ambaye naye ana haki ya kusema lake.

Ngozi zamani ilikuwa karatasi laini au hariri, iliyopakwa vanishi maalumu ya kuikaza. Sasa kwa wengi ni plastiki nyembamba yenye gundi upande wa nyuma, inayobandikwa kwa pasi ndogo. Kingo huanza, kwa joto la chini. Joto likipandishwa, plastiki husinyaa na mikunjo hupotea mbele ya macho, bawa likageuka ngoma. Mng'ao wake hausamehi: kila kovu la msasa mbaya huonekana waziwazi. Inavuta pia, na ikivutwa upande mmoja zaidi ya mwingine, bawa lililonyooka kwa wiki kadhaa hujisokota kwa dakika moja. Wajuzi huutumia ubaya huo kwa faida yao. Hulisokota bawa kwa mikono, kidogo tu, ukingo wa nyuma wa ncha ukainuka, wakalipasha moto likiwa limeshikiliwa hivyo, nalo likabaki. Bawa lililosokotwa namna hiyo hupoteza nguvu katikati kabla ya nchani mwendo unapopungua, na ndege hushuka pua badala ya kubiringika.

Kuhusu redio nitasema machache, kwa kuwa siku hizi hununuliwa tayari na haidai ufundi wa mikono. Mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan, walipoirusha ndege yao Big Guff mwishoni mwa miaka ya 1930, mmoja alikuwa muundaji wa ndege na mwingine fundi wa redio, na ilibidi wawe wawili. Kipokezi kilikuwa cha valvu, betri zake zilikuwa mzigo, na ndege ilibidi iwe kubwa ili kuvibeba. Sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Leo kipokezi hakifiki gramu 20, na sevo ya kawaida, kile kijimota kinachousukuma usukani, ina gramu 40 hivi. Uzito uliotolewa kwenye redio umemrudishia muundaji uhuru, na wengi wameutumia kuunda vibaya.

Aliyeutumia vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Maynard Hill, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alitaka kuvusha ndege ya mfano Atlantiki. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga wakati huo halikukubali rekodi ya ndege ya mfano inayozidi kilo 5 wakati wa kuruka, mafuta yakiwemo. Hesabu yake basi ilikuwa ngumu: kila gramu ya mbao ni gramu ya mafuta iliyokosekana, na kila gramu ya mafuta ni umbali. Aliunda kwa balsa na plastiki nyembamba, bawa lisilofika mita mbili, injini ndogo aliyoirekebisha inywe polepole mafuta ya taa za kambini, na kifaa cha kuiongoza kwa setilaiti ikishapotea machoni. Alikuwa karibu kipofu wakati huo. Ndege zake za kabla zilipotelea baharini. Ile ya tano ilirushwa Cape Spear, Newfoundland, tarehe 9 Agosti 2003, na tarehe 11 ikatua Ireland karibu na Clifden, mji uleule ambao marubani Alcock na Brown walitua karibu nao mwaka 1919 baada ya kuvuka bahari hiyo bila kusimama. Ilikuwa imeruka zaidi ya saa 38 na kilomita 3,000 na ushei. Mafuta yaliyobaki tangini yalikuwa kidogo mno. Hill alikuwa na umri wa miaka 77, na mbavu za ndege zake alizijua kwa vidole.

Kadet Senior ya chumba cha uani haiendi Ireland. Inaenda kiwanja cha mpira, au shamba lililovunwa. Kabla ya hapo hubaki jaribio moja. Ramani inaonyesha mahali kitovu cha uzito kinapotakiwa kukaa, kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Fundi huiinua ndege kwa ncha za vidole viwili, chini ya bawa, kwenye alama hizo. Ikiinamisha mkia, haifai kuruka; ndege nzito mkiani hujinyanyua pua, hupoteza mwendo, na haishikiki. Dawa ni risasi puani. Na kwa kuwa pua ni fupi na mkia ni mrefu, gramu moja ya ziada mkiani hudai gramu mbili, hata tatu, puani. Yule aliyetunza mabamba mepesi kwa ajili ya mkia, akapima gundi kwa tone, hulipwa hapa: betri husogezwa mbele kidogo, ndege ikatulia sawa, na risasi ikabaki dukani.

Itaanguka siku moja. Zote huanguka, na hapo mbao huonyesha upole ambao povu na plastiki hazina. Mjuzi akifika kwenye mabaki hukusanya kila kibanzi, hata vidogo kama njiti ya kiberiti, na hatupi kitu. Nyumbani haanzi kwa kusafisha mivunjiko, kwa maana balsa ikivunjika hutoa meno marefu yaliyochongoka, na meno ya upande huu yanajua nafasi zake upande ule. Akiyasawazisha kwa kisu atakuwa na kiungo kifupi, dhaifu, kinachohitaji kiraka. Akiyaacha yalivyo na kuyasukuma taratibu, ubao hujifunga wenyewe, ufa ukabaki mstari mwembamba, na matone machache ya supaglu yanatosha. Ubavu uliopasuka hurudi. Ufito wa boriti huongezewa kipande ubavuni, kilichokatwa kwa mshazari mrefu ili nguvu isiishie mahali pamoja. Kisha pasi, kiraka cha ngozi, na mizani ya jikoni, kuona matengenezo yameongeza gramu ngapi na kama zimeangukia nyuma ya alama ya kitovu. Zikiwa zimeangukia nyuma, betri inasogezwa tena.